Faini ya shilingi 8,000 ama miezi miwili: yaliyompata halati yangu, na mambo tuliyoyajua tukiwa tumeshachelewa

Mleta uzi

Wanajamvi, asalaam aleikum na habari za jioni. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie. Nimeamua kuuandika leo kwa sababu kesho ni Ijumaa, na Ijumaa jioni ndiyo saa mbaya ya kukamatwa ukiwa huna pesa.

Halati yangu, mdogo wake mama, anauza viazi karai na bajia karibu na steji ya matatu katika mji mmoja wa pwani ya Kenya. Amefanya kazi hiyo miaka kumi na minane. Viazi anavichemsha alfajiri, unga wa kuchovyea anaukoroga mwenyewe, ukwaju pia ni wake. Siku ikiwa nzuri, akishatoa gharama ya viazi, mafuta na makaa, anabaki na mia sita, mia saba. Pesa hiyo ndiyo inayolisha na kusomesha wajukuu wawili aliowachiwa na binti yake, Mungu amrehemu.

Ijumaa hiyo, kama saa kumi na moja, biashara ndiyo kwanza inachangamka, gari la kanjo, wale askari wa kaunti, likasimama. Kosa lilikuwa kuuza chakula bila kibali mahali pasipotengwa. Na ni kweli hakuwa na kibali, silifichi hilo. Walipakiwa watu wanane. Waliokuwa na mia tano mkononi walishuka kabla gari halijafika kituoni. Yeye alikuwa na mia tatu na hamsini kwenye pindo la leso, nazo zilikuwa za mafuta ya kesho yake. Karai na jiko vilichukuliwa kama ushahidi.

Ukikamatwa Ijumaa jioni, mahakama imeshafungwa. Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya kinataka mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, ila muda huo ukiishia siku isiyo ya kazi, ni siku ya mahakama inayofuata. Kwa hiyo alilala kituoni siku tatu. Kifungu hicho hicho kinasema kwamba mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake au kifungo kisichozidi miezi sita. Hayo nimekuja kuyasoma baadaye. Siku zile tulisimama nje ya lango na chupa ya chai, hatujui la kusema wala wa kumwambia.

Jumatatu asubuhi wakapandishwa kizimbani. Wanawake wenzake walikuwa wamemshauri usiku kucha, "Wewe kubali tu, ukikubali hakimu hupunguza." Akasomewa, akaulizwa ni kweli ama si kweli, akasema ni kweli. Faini shilingi 8,000, ama miezi miwili. Hakuna aliyemuuliza kwa siku anapata nini. Hakuna aliyemuuliza watoto wamebaki na nani. Mimi wakati huo sikuwa hata ndani ya chumba, nilikuwa nimetoka kutafuta wa kunikopesha nikidhani faini haitapita 2,000. Niliporudi alikuwa ameshateremshwa seli ya chini na lori la magereza limewasha injini. Nilimwona vidole tu, kwenye wavu.

Alikaa siku tisa, hadi tulipokamilisha 8,000 za watu: mia mbili ya huyu, elfu moja ya yule, simu moja ya jamaa yetu aliyeko Jeddah. Siku tuliyokwenda kumtoa ndipo afisa mmoja wa magereza akatuambia, kwa upole kabisa, kwamba hatukuwa na haja ya kungoja zitimie zote. Tungeweza kulipa kiasi, na siku zake zingepunguzwa kwa kadiri ya kile tulicholipa. Ukilipa nusu, nusu ya kifungo inaondoka. Siku ya tatu tulikuwa na 4,000 mezani tukizitazama, tukisema bado hazijatosha.

Nikikumbuka hilo silali.

Sasa nipigieni hesabu hii pamoja. Halati anabaki na mia sita na hamsini hivi kwa siku. Angeachwa kwenye jiko lake, 8,000 zingepatikana kwa siku kumi na mbili, kumi na tatu. Badala yake alifungiwa mahali ambapo hawezi kupata hata shilingi moja, kisha akaambiwa hatoki mpaka pesa zije.

Alipotoka alituhadithia aliowakuta ndani. Kuna mama aliyeshikwa na lita tano za chang'aa, amefungwa na mtoto anayenyonya, maana magereza ya Kenya huruhusu mtoto kukaa na mamake hadi miaka 4. Kuna binti wa kazi za nyumba aliyekamatwa usiku akitoka kazini kwa kosa la uzururaji. Chumba kizima, anasema, hakikuwa na mtu aliyemuumiza mtu. Walikuwa watu waliokosa pesa asubuhi moja.

Na jambo hili nataka mlitie akilini. Halati yumo kwenye chama cha wanawake kumi na tano, kila mmoja anatoa mia mbili kwa siku. Siku zote alizofungiwa hakutoa, na katiba yao ina faini kwa anayekosa. Walimtoza mia tatu, kwa sababu kanuni ni kanuni, kisha mweka hazina akamwambia, "Utalipa ukianza kuuza." Amemaliza kuilipa juzi. Wanawake hao hawakusomea sheria, na faini yao ililipwa yote.

Nitaendelea hapa chini. Mwenye swali aulize.

#2, mwenye duka la nguo

Pole kwa halati yako, ndugu. Lakini niseme upande wangu, usinichukie. Mimi nalipa kodi ya duka, nalipa kibali kila mwaka, nalipa ada ya taka. Mlangoni pangu mbele kuna watu kumi na wawili wanaouza bila kulipa chochote, na mteja hana pa kupita. Wasipoadhibiwa, mimi ni mjinga wa kulipa? Faini isipokuwa na kifungo nyuma yake, nani atailipa?

Mleta uzi

Sikuchukii. Umesema kweli, na halati mwenyewe angekubaliana nawe kuhusu njia ya kupita.

Sijaandika kwamba asiadhibiwe. Alikosa, akakubali, akatozwa. Mimi nauliza kuhusu kile kinachofuata baada ya neno "faini". Hakimu aliyetoa adhabu hiyo aliona kosa lake linatosha kulipiwa kwa pesa. Angeona ni kosa la kufungwa, angemfunga moja kwa moja. Ikiwa ni hivyo, wawili wakikosa kosa moja siku moja, mwenye 8,000 kwenye simu analala kwake na asiye nazo analala gerezani, wametofautiana kwa kosa gani? Mimi naona kosa la pili ni umaskini, na hilo halikuandikwa kwenye karatasi ya mashtaka.

Wewe kaka ungekamatwa leo kwa kosa kama lile ungelipa kabla ya chai ya saa nne. Usingekuwa mtu mwema kumshinda yeye. Na kwa siku tisa zile alilishwa, alilindwa, alibebwa kwa lori, yote kwa kodi unayoilalamikia, na mlangoni pako pakawa na mchuuzi mwingine kesho yake. Mahali pake pa steji palichukuliwa siku ya pili.

#4, karani mstaafu

Mwanangu, nimesoma uzi wako mara mbili. Nilikuwa karani wa mahakama kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na hati za kupeleka watu jela kwa kukosa faini nimeziandika kwa mkono wangu mpaka nikawa siangalii majina. Niruhusu nieleze sheria ilivyo, kwa sababu watu wengi hudhani hakimu hujitungia siku.

Kifungu cha 28 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kina ngazi. Faini isiyozidi shilingi 500, kifungo kisizidi siku 14. Ikizidi 500 hadi 2,500, kisizidi mwezi 1. Kutoka hapo hadi 15,000, miezi 3. Hadi 50,000, miezi 6. Ikizidi 50,000, miezi 12. Hivyo ni vikomo. Hakimu anaweza kushuka chini yake.

Ukitazama ngazi hiyo kwa utulivu utaona jambo ambalo mimi mwenyewe nililiona nikiwa nimeshazeeka. Chukua kila faini ya juu ya ngazi, ugawe kwa siku zake. Mwenye faini ya 500 anayefungwa siku 14, siku yake moja imepigiwa shilingi 36 hivi. Wa 2,500 kwa mwezi, kama 83. Wa 15,000, kama 167. Wa 50,000, kama 278. Kadiri mtu alivyo mdogo ndivyo siku yake ya uhuru inavyouzwa rahisi. Halati yako, 8,000 kwa siku 60, siku yake ilipigiwa shilingi 133, na wewe umesema jikoni anapata mara tano ya hiyo.

Lakini sheria hiyo hiyo haikumfungia mlango. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu hakimu, mtu akishatozwa faini, kumpa muda wa kulipa hadi siku 30 badala ya kumpeleka gerezani saa ile ile. Ulipopiga hesabu yako ya siku kumi na tatu niliguna peke yangu. Siku 30 zilimtosha na akabakiwa na akiba.

Na tangu 1998 kuna Sheria ya Huduma kwa Jamii. Kosa ambalo kifungo chake hakizidi miaka 3 linaweza kwenda huko, mtu mwenyewe akikubali na afisa wa probesheni, yule anayeichunguzia mahakama hali ya mshtakiwa, akiandika ripoti. Anafagia zahanati, anapanda miti shuleni, anazibua mtaro, na jioni analala kwake.

Utaniuliza, mbona hakuna aliyemwambia? Kwa asubuhi ilivyo. Siku ya Jumatatu foleni ya makosa madogo ni ndefu, kila mmoja ana dakika chache, wote wanasema ni kweli, na chumba kinataka kuanza kesi kubwa kabla ya saa tano. Kuomba ripoti ya probesheni ni kuahirisha, na ukiahirisha jalada linarudi mezani kwako. Muda wa kulipa hupewa anayeomba. Asiyejua kwamba kuna kitu cha kuomba, haombi. Mimi nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kizimbani. Ningeweza kuwanong'oneza. Sikufanya hivyo.

#5, wa Tanga

Mkuu, pole sana, na shikamoo kwa mzee karani hapo juu, kaongea kitu kizito.

Huku kwetu Bongo mambo hayako mbali na hayo. Tuna mgambo badala ya kanjo, na Sheria ya Huduma kwa Jamii tunayo tangu 2002, ila mtaani ukiuliza watu kumi, tisa hawajawahi kuisikia. Kanuni ya Adhabu tuliyoirithi ilikuja na kifungu cha 176 na cha 177, vile vya wazururaji na watu wasio na kazi maalumu. Asili yake ni Uingereza, sheria ya uzururaji ya mwaka 1824, ikasambazwa kwenye makoloni. Mwingereza kaondoka, kifungu kikabaki.

Ila kuna jambo lilitokea hapa hapa Arusha ambalo lingepaswa kubandikwa kila kituo. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa maoni ya ushauri kuhusu sheria za uzururaji, baada ya kuombwa na Umoja wa Mawakili wa Afrika. Ikasema sheria hizo zinapingana na Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu, na ule wa Afrika wa haki za watoto, na Itifaki ya Maputo ya haki za wanawake, na kwamba nchi zizirekebishe au zizifute. Yule binti wa kazi uliyemtaja, aliyeshikwa akitoka kazini, ndiye anayezungumziwa mle.

Na Malawi walitangulia. Mayeso Gwanda, mchuuzi wa mifuko ya plastiki wa Blantyre, alikamatwa alfajiri mwaka 2015 akienda kwenye biashara yake, akashtakiwa uzururaji. Hakukubali yaishe. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ikakifuta kile kifungu. Uganda nao, Mahakama ya Katiba ikafuta vyao Desemba 2022.

Mleta uzi

Ahsante sana ndugu wa Tanga, na mzee, Mwenyezi Mungu akuweke. Hilo la kunong'oneza, mzee, umelisema mbele ya watu na halikuwa rahisi kulisema. Leo umelinong'oneza kwa watu wengi.

Nitenganishe kitu kimoja ili tusichanganyane. Maoni yale ya Arusha ni ya uzururaji, na ni ushauri, si hukumu. Uchuuzi wa halati haukuwa ndani yake. Lakini kuna misingi iliyopitishwa mwaka 2017 na Kamisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ile yenye makao yake Banjul, kuhusu kuyaondoa makosa madogo kwenye orodha ya jinai. Hiyo inataja wazi uchuuzi wa barabarani, pamoja na kuombaomba, kukosa kulipa deni, hata kufua nguo mahali pa watu wote. Anayetaka kumwandikia mwakilishi wa wadi yake aanzie hapo. Mimi nimeshaandika barua moja. Inazungumzia kibali cha siku, cha bei ambayo muuza viazi anaweza kuilipa asubuhi kwa simu, na mahali palipopimwa ili mwenye duka wa #2 apate njia yake. Sijajibiwa bado.

#7

Mimi nilifungwa siku 14 mwaka juzi kwa ulevi na fujo. Fujo haikuwepo, ulevi ulikuwepo. Faini yenyewe ilikuwa ndogo, naona haya kuitaja. Nilikuwa mlinzi wa usiku. Kampuni haingoji mtu siku 14. Mpaka leo sijapata kazi ya kudumu, kwa sababu ukienda kuomba ulinzi wanataka cheti cha polisi cha tabia njema.

#8, dada wa sokoni

Samahani kuingilia. Kaka yangu mdogo yuko kituoni tangu jana jioni, ni mkokoteni, wamesema ameuegesha kwenye barabara. Anapelekwa mahakamani kesho asubuhi. Nina 1,800 tu. Nimesoma haya yote na mikono inatetemeka. Nifanye nini?

Mleta uzi

Dada, vuta pumzi. Nakuandikia kama ningetamani mtu aniandikie mimi Jumapili ile usiku.

Kesho fika kabla ya saa mbili na usitoke chumbani hata kama unadhani una mahali pa kukopa. Mimi nilitoka. Mtume mtu mwingine akakope.

Ukipata nafasi ya kuongea na kaka yako kabla hajaitwa, mwambie kwanza asikilize anachosomewa na aseme ukweli wake. Ikiwa hakuuegesha hapo, asikubali kwa sababu tu wenzake wanakubali. Ikiwa ni kweli, hakimu kwa kawaida huuliza kama ana la kusema kabla ya adhabu. Hapo ndipo watu wetu hunyamaza au husema "naomba msamaha" kisha basi. Aseme kazi yake, anachopata kwa siku, nani anamtegemea, na kama ni mara yake ya kwanza. Kisha atamke maneno haya kwa sauti, "Naomba muda wa kulipa." Akikataliwa, "Naomba kazi ya huduma kwa jamii." Ayakariri usiku kama anavyokariri namba ya simu. Mkokoteni pia auombe, maana bila huo pesa ya faini haitapatikana.

Ukiona kuna afisa wa probesheni hapo, msogelee mapema, umsalimie, umweleze. Wengi wao ni watu wasikivu.

Na ikiwa milango yote itafungwa akapelekwa gerezani, basi zile 1,800 zako si bure. Lipa hizo hizo, uchukue stakabadhi, siku zipunguzwe, kisha tafuta nyingine. Usikae nazo ukingoja zitimie.

#10, karani mstaafu

Naongeza moja tu, binti yangu. Akipewa muda, muulize karani akuandikie tarehe kwenye karatasi. Tarehe inayosemwa kwa mdomo hupotea watu wakifurahi.

#11, dada wa sokoni

Nimerudi. Faini 5,000. Alipotamka anaomba muda hakimu aliinua kichwa akamtazama, akamuuliza kwa siku anabeba mizigo ya shilingi ngapi. Akasema mia nne, mia tano. Amepewa siku 21. Mkokoteni haujatoka, wamesema twende ofisi yao Jumatatu. Amekodi wa jirani, ameshaingia sokoni, hata chai hakunywa.

Mleta uzi

Alhamdulillahi. Alhamdulillahi sana.

Hizo 1,800 peleka leo leo, zisikae nyumbani zikaliwa. Zitabaki 3,200. Akitenga mia mbili kila siku ya kazi ni siku kumi na sita, na kukiwa na mvua siku mbili tatu bado yuko ndani ya muda. Tarehe hiyo iandikeni ukutani mahali anapovulia viatu. Ikipita bila kulipwa, hati ya kumkamata inatoka, na safari ya pili hakimu hatainua kichwa.

Siku ya kumaliza, stakabadhi zote mbili zipige picha, na halisi uzihifadhi. Za halati ziko ndani ya kopo la ukwaju, pamoja na ya karai mpya.